Mtumbwi wa Shemeji: Kisa cha Katibu Kata na Muuza Sabuni, Ukerewe 1983

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi Aprili 1983, katika kijiji kimoja cha wavuvi kisiwani Ukerewe, mjane aliyekuwa akianika na kuuza dagaa alikamatwa kwa ulanguzi. Ndani mwake kulikutwa miche ya sabuni ya kufulia, doti mbili za khanga, mafuta ya taa kwenye debe na nyuzi za kushonea nyavu. Aliyewaongoza mgambo kuingia nyumba ile alikuwa katibu kata. Sabuni, khanga na nyuzi zile zilishushwa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapofikia, na mtumbwi ambao kijiji kizima kiliujua kuwa ni wa katibu kata yuleyule, ingawa kwenye daftari la kijiji ulikuwa na jina la shemeji yake.

Mjane huyo ni mama yangu mkubwa. Kisa nimekipata kwake mwenyewe, kwa wavuvi wawili waliowahi kufanya kazi kwenye mtumbwi ule, na kwa mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Katibu kata ameshatangulia mbele ya haki. Jina lake na la kijiji nayaacha. Sikiandiki kisa hiki ili kumsuta marehemu. Nakiandika kwa sababu kila tunapozungumzia Ujamaa tunaishia kwa Mwalimu Nyerere: alikuwa sahihi au alikosea, alitupenda au alituchelewesha. Katika mabishano hayo mche wa sabuni haupati nafasi. Mimi naamini kwamba bila kuufuata mche huo, ulitoka kwa nani, ukaenda kwa nani na kwa bei gani, hatutaelewa namna unafiki wa kisiasa wa miaka ile ulivyowaingia watu ambao wengi wao walianza wakiwa wakweli.

Katibu kata alianza akiwa mkweli. Balozi analisisitiza hilo, na mama mkubwa hajawahi kulikana. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, ambako Azimio la Arusha, tamko la chama juu ya siasa ya Ujamaa, liliungwa mkono. Kijana huyu alivuka ziwa kwenda kumlaki, akaingia mjini pamoja na msafara. Aliporudi kisiwani alikuwa na kijitabu cha Azimio mfukoni, na jioni alikuwa akiwasomea watu wasiojua kusoma. Hakuwa mjinga kuamini. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mwalimu alikuwa amekata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wakubwa wa serikali. Kiongozi akianza kujipunguzia yeye, wa chini yake wana haki ya kumwamini.

Ndani ya kijitabu kile mlikuwa na Miiko ya Uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena Azimio lilieleza kwamba miiko hiyo inamshika kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili mume asijifiche nyuma ya mke. Shemeji hakutajwa. Ndugu hakutajwa. Kwa watu wetu wa ziwani, ambao mali ya ukoo hutembea kwa wajomba, mashemeji na wakwe, mlango ulioachwa wazi pale ulikuwa mpana kuliko ule uliofungwa.

Mama mkubwa aliyasoma hayo mwenyewe, na jambo hili ni la msingi katika kisa. Mwanza ndiko kulikokuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO kuanzia 1968. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 walibaki asilimia 39. Yeye ni mmoja wa waliotoka upande ule wakaja upande huu. Alisoma kisomo chini ya mwembe, akiwa tayari ana watoto, na mpaka leo ukimsema vibaya Nyerere mbele yake atakukatiza: "Mimi ninayesoma barua yako, nani alinifundisha?" Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nasimulia habari za mwanamke aliyeuchukia Ujamaa. Aliupenda kiasi cha kuyachukulia maneno yake kwa uzito, na hilo ndilo lililomponza.

Sasa tuufuate mche wa sabuni.

Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa na nafasi yake ikachukuliwa na maduka ya kijiji na ya ushirika. Kabla ya hapo kijiji kilikuwa na vijiduka viwili vitatu. Baada ya hapo likabaki moja. Bidhaa zilitoka kiwandani zikaenda kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC, zikashuka wilayani, zikafika kijijini, na kila hatua ilihitaji kibali. Bei ilipangwa juu, na Tume ya Bei, nayo ilikuwa ya chini. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge asinyonywe na mwenye duka, na siwezi kuibeza nia hiyo, maana wenye maduka wa zamani walikuwa wakiwaumiza watu kweli.

Lakini fikiria kinachotokea bidhaa ikiwa haba na bei yake ikiwa ya chini kwa amri. Sabuni ile ikishafika kijijini ina bei mbili. Kuna bei ya serikali iliyoandikwa ubaoni, na kuna bei ambayo mama mwenye watoto watano wenye upele yuko tayari kulipa. Tofauti kati ya bei hizo ni fedha halisi, na fedha hiyo ni ya yeyote atakayeishika sabuni kabla haijafika kwenye foleni. Haikuwa lazima mtu awe mwizi ili aipate. Ilitosha kuwa na ufunguo wa stoo, au sahihi inayotakiwa kwenye kibali.

Ufunguo ulikuwa kwa katibu wa duka. Sahihi ilikuwa ya katibu kata.

Balozi anasimulia jinsi siku ya mgao ilivyokuwa. Habari ya kwamba boti imeleta vitu ilifika vijijini kabla ya boti kufunga kamba. Watu walikesha. Asubuhi balozi aliwaita watu wake kwa kaya, kila mmoja na kadi. Kabla mlango haujafunguliwa, sehemu ya katoni ilikuwa imeshawekwa kando, ikaitwa akiba ya wageni. Nilipomuuliza wageni gani, mzee alinijibu kwa utulivu: viongozi wa wilaya na wa mkoa waliokuja kuhutubia. Walifika bila fungu la chakula. Katibu kata ndiye aliyetakiwa kuwatafutia mchele, kuku, soda, mahali pa kulala na sabuni ya kuogea. Akishindwa, alionekana hajui kazi. Akiba ya wageni ilianza hivyo, kwa hitaji la kweli kabisa. Wageni hawakuja kila mwezi. Akiba iliwekwa kila mwezi. Iliyobaki ilitoka usiku kwa bei ya kuruka, na waliosimama kwenye foleni wakarudi kufulia majani ya mpapai.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa na uzito zaidi kuliko sabuni, na hili mtu wa bara huenda asilione haraka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Karabai bila mafuta ni bati tu, na mtumbwi wa dagaa bila karabai unabaki mchangani. Kwa hiyo aliyegawa mafuta ya taa aligawa pia haki ya kuvua. Wavuvi wale wawili waliniambia jambo moja kila mmoja kwa wakati wake: miaka ya 1980 hadi 1983 mtumbwi wa shemeji haukukosa mafuta hata mwezi mmoja, wakati mitumbwi mingine ya mwalo uleule ilivua kwa zamu au ililala kabisa. Nyavu nazo zilikuwa shida ileile. Ndiyo kwanza sangara walikuwa wanaongezeka kwa kasi katika Ghuba ya Mwanza, samaki mkubwa anayetaka makila, yaani nyavu za kutega, imara, na nyuzi za nailoni zilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Ziwa lilikuwa linatoa, sisi hatukuwa na cha kupokelea.

Upande wa Kenya nyuzi zilikuwepo. Sabuni ilikuwepo. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, lakini mpaka wa majini hauna geti. Mtumbwi wa shemeji ulikwenda na dagaa wakavu na samaki wa kubanikwa, ukarudi na vile vilivyokosekana dukani. Wavuvi walilipwa kwa fungu la samaki, tajiri akichukua fungu lake, la mtumbwi na la nyavu. Mama mkubwa aliwauzia wavuvi chakula, wao wakampa sabuni, naye akaikata mche vipande na kuwauzia wanawake wenzake. Vipande, kwa sababu fedha ya mche mzima hawakuwa nayo. Faida yake ilikuwa ndogo na kila mtu aliijua. Hakuficha. Alikuwa akiuza barazani.

Sasa nimtendee haki katibu kata. Mwaka 1981 kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Katibu alipata zaidi ya hapo, lakini si kwa namna ya kumwezesha kuishi kwa bei za kuruka, na bei za serikali zilikuwa za ubaoni tu. Alikuwa na watoto wa kusomesha na ukoo wa kulisha. Mvuvi wa kawaida mwenye nyavu alimzidi kipato, naye ndiye aliyepaswa kumhutubia mvuvi huyo juu ya unyonyaji. Miiko ilimkataza kufanya wazi kile ambacho jirani yake alikifanya bila aibu. Mtu mwenye akili, akikatazwa kula na huku amepewa ufunguo wa ghala, atakula. Kosa hilo la mpango ni lazima tulitaje kabla ya kulitaja kosa la mtu.

Na kosa la mtu lipo. Nalitafuta katika mkutano wa hadhara uliofanyika mwishoni mwa Machi 1983.

Mwezi ule serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Hali ilikuwa mbaya kweli. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973 na tena 1979. Vita ya Kagera ilikuwa imekausha hazina. Viwanda vilifanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na wakulima wa pamba wa Mwanza na Shinyanga, ambao miaka ya 1950 walijijengea kwa mikono yao ushirika mkubwa uliosifika Afrika nzima, wakawa wanauza kwa mamlaka ya zao na kusubiri malipo kwa miezi. Wengi waliacha kuhangaika na pamba. Fedha za kigeni zikapungua zaidi, na sabuni ikazidi kuadimika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosababishwa na mjane wa Ukerewe. Lakini katika maelezo ya siku zile mhalifu alikuwa mmoja, mlanguzi, na kila kata ilitakiwa kuonyesha wake.

Sokoine mwenyewe naamini alikuwa mtu safi, na wananchi walimpenda kwa hilo. Walipopata habari za kifo chake tarehe 12 Aprili 1984 kijijini kwetu watu walilia barabarani. Mwalimu naye hakujilimbikizia. Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wengi wanaosema kwamba kwa kuwa wakubwa walikuwa safi basi mfumo ulikuwa safi. Usafi wa wakubwa uliwakinga waliokuwa chini yao. Ukimlalamikia katibu ulionekana unamlalamikia Mwalimu, na nani angethubutu? Picha ya Mwalimu ukutani ilifanya kazi ambayo Mwalimu hakuituma.

Kwenye mkutano ule katibu kata alisimama, akaitikiwa "Kidumu Chama", akaeleza habari za kupe na wanyonyaji, kisha akataka watu wawataje walanguzi wa kijiji. Kimya. Mama mkubwa akanyoosha mkono. Alisema, na balozi anathibitisha karibu neno kwa neno: "Ndugu Katibu, mimi nauza sabuni, kila mtu hapa ameinunua. Naomba unieleze. Azimio linasema kiongozi asishiriki mambo ya kibepari, yeye na mkewe. Je, mtumbwi wa shemeji unaolala kwako, unaokula mafuta ya duka letu, nao tuutaje, au hauhusiki?"

Watu hawakucheka. Wengine walitazama chini.

Katibu angeweza kusema nini? Nimelifikiria swali hili mara nyingi. Angeweza kusema kwamba mshahara hautoshi. Angeweza kusema kwamba bei ya ubaoni haiwezekani na kwamba ataandika wilayani kueleza hivyo. Angeweza hata kunyamaza na kuufunga mkutano. Wapo makatibu waliofanya hivyo. Balozi anamkumbuka mmoja wa kata ya jirani aliyewatahadharisha watu wake usiku wafiche vitu, kisha akaandika taarifa kwamba kata yake haina walanguzi. Alidanganya serikali, lakini hakumtoa mtu kafara. Katibu wetu alijibu kwamba kuna watu wamejifunza kusoma ili kuupinga Ujamaa. Siku chache baadaye mgambo waligonga mlango.

Balozi anaamini kwamba swali lile ndilo lililomkamatisha, nami nakubaliana naye, kwa ushahidi mdogo lakini unaoeleweka: wanawake wengine wawili waliouza sabuni ya mtumbwi uleule hawakuguswa.

Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 haikutoa dhamana wala wakili. Mama mkubwa alivushwa na meli ya Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, hadi Mwanza, akakaa rumande kwa miezi, kisha akaachiwa bila kusomewa shtaka. Vitu vyake hakurudishiwa. Binti yake, dada yangu, aliacha shule akiwa darasa la sita ili alee wadogo zake, na huyo hakuwahi kurudi darasani.

Kilichofuata kitaifa kinatusaidia kupima hoja. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Katika muda mfupi sabuni ilirudi, na baada yake mitumba. Hakuna mlanguzi mpya aliyekamatwa ili sabuni ipatikane. Sheria ile kali yenyewe ilibadilishwa mwaka huohuo wa 1984, na wakati huo ushirika nao ulikuwa unarudishwa. Kama uhaba ungekuwa kazi ya wajane wenye miche kumi chini ya kitanda, kuwakamata kungetosha kuumaliza.

Halafu likaja Azimio la Zanzibar, Februari 1991. Chama, ambacho sasa kilikuwa CCM, kililegeza Miiko: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea kipato zaidi ya kimoja. Sina ugomvi na ruhusa yenyewe. Wengine tuliona afadhali mtu amiliki mchana kuliko kumiliki usiku. Ugomvi wangu ni kwamba ruhusa ilikwenda upande mmoja. Waliokuwa wamevunja Miiko kwa siri walihalalishiwa walichokuwa nacho, na kwa kuwa walikuwa wametangulia kukusanya, walianza mbio za soko huria wakiwa mbele. Wale waliofungwa kwa kufanya hadharani jambo lilelile, kwa kiasi kidogo zaidi, hakuna aliyewakumbuka. Watu wanaoshangaa kwa nini vijana wa ziwani hawaamini hotuba ya kiongozi yeyote waanze hapo. Wazazi wao waliona.

Katibu kata alistaafu vizuri. Shemeji alimkabidhi mtumbwi kwa jina, na viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa Mwanza miaka ya 1990 alikuwa na mitumbwi kadhaa na nyumba ya kupangisha Nansio. Nasema bila kinyongo kwamba alikuwa mfanyabiashara hodari. Kama nchi ingemwacha awe hivyo tangu mwanzo, pengine angekuwa jirani mwema.

Mama mkubwa alirudi kwenye dagaa. Miaka hiyohiyo ya 1990 wanawake wa mwalo waliunda kikundi cha kuweka na kukopa, wakampendekeza awe mweka hazina, kwa kuwa anajua kusoma na hesabu zake hazina shaka. Mzee mmoja wa kamati akapinga. Alisema huyu aliwahi kuwa mhujumu uchumi, fedha za watu haziwezi kukaa kwake. Mama mkubwa alijibu kwamba hajawahi kushtakiwa wala kuhukumiwa mahali popote. Akaambiwa alete karatasi ya kuthibitisha. Karatasi hiyo hakuwa nayo, maana waliomwachia hawakumwandikia kitu, na nafasi akapewa mwingine.